Wageni wetu wa chakula cha mchana wamehamia kwenye skrini. Mnawabanaje maswali?

KatibuWaMeza (Jinja):

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuendesha kikao cha aina hii.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya chakula cha mchana hapa Jinja. Tuko watu 28, wengi wastaafu: walimu, manesi, wawili wa reli, wenye maduka wa Main Street, na Hajati mmoja muuza vitenge anayeogopwa na kila mgeni aliyewahi kusimama mbele yetu. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, tunakula, mgeni anazungumza nusu saa, halafu tunamhoji. Lugha ya meza ni Kiswahili tangu mwanzo, maana Msoga, Mnubi, Mjaluo na Mhindi wa vipuri hawana lugha nyingine ya kukutania bila mmoja wao kujiona yuko ugenini.

Hoteli tuliyoizoea imepandisha sahani kutoka shilingi 25,000 hadi 40,000. Na wageni wetu wengi hutoka Kampala. Ni kilomita kama 80 tu, lakini kaa nyuma ya lori la miwa pale Lugazi uone. Daraja jipya la mwaka 2018 lilitupunguzia foleni ya kuvuka mto, malori limetuachia. Mgeni akifika amechoka, anataka mafuta ya gari, na sanduku letu ni jembamba. Basi kamati ikapiga kura: chakula kila mtu kwake, mgeni aje kwa Zoom. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kukubali, sikatai.

Tumeshafanya mara mbili. Ya kwanza alikuja daktari kuzungumzia presha. Alisoma slaidi zake moja moja kama anasoma tangazo la msiba, na kwa kuwa tulitumia toleo la bure, dakika ya 40 kikao kikajifunga Hajati akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Hilo kosa ni letu. Ya pili ndiyo imenileta hapa. Alikuja afisa mmoja, idara siitaji, kuhusu ushuru wa vibanda vya soko. Alizungumza vizuri, sauti safi, picha safi. Hajati akamuuliza: ile risiti ya mwaka jana isiyo na muhuri, pesa yake iliingia wapi? Afisa akasema, "Naona mtandao unasumbua." Akapotea. Mtandao haukuwa umesumbua hata dakika moja kabla ya hapo, na hakurudi.

Nilikaa nikamkumbuka mpima ardhi mmoja aliyekuja zamani, enzi za hoteli. Alikuwa amemaliza samaki wake, ngege mzima, mifupa imepangwa pembeni ya sahani, ndipo mwenzetu mmoja akamuuliza kuhusu kiwanja alichonunua Njeru. Yule bwana hakujibu kwa maneno. Alichukua kopo la vijiti vya meno, akaliweka katikati ya kitambaa cha meza, akasema, "Huu ni Mto Nile." Akasukuma chumvi upande mmoja: huku Busoga. Pilipili upande wa pili: huku Buganda, na huku ndiko kwenye mailo, ile ardhi iliyogawanywa kwa mkataba wa mwaka 1900. Kwa hiyo, akasema, unaweza kuwa na karatasi halali ya kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwingine, na bado chini yako yupo mwenye mailo, na kama hujamtambua wala yeye hajakutambua, umenunua nusu ya kitu. Mwenzetu akawa mwekundu wa macho. Mpima ardhi angeweza kupunguza makali, lakini tulikuwa tumekula naye, tunamtazama usoni, na funguo za gari lake zilikuwa mezani karibu na mkono wa Hajati. Alijibu mpaka saa kumi.

Kwa maoni yangu hicho ndicho tulichokuwa tukikilipia kwenye ile sahani. Mtu aliyekula kwako haondoki katikati ya swali. Sasa kwenye skrini nimshike kwa kitu gani? Msiniambie tu ninunue toleo la kulipia, hilo nalijua.

MzeeWaReli:

Nyabo Katibu, pole. Mimi nilizaliwa Walukuba, hapohapo Jinja, kwa hiyo hao wazee wako wa reli huenda nawajua.

Kwanza punguza picha. Mnataka kumwona mtu au kumsikia? Video inaweza kula karibu GB nzima kwa saa moja, sauti tupu haifiki hata sehemu ya kumi yake. Na data yenyewe tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 juu. Kabla ya hapo ilikuwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp. Nina rafiki aliyegoma mwaka 2018 akasema hailipi ng'o, akarudi kwenye katochi, kile kisimu kidogo kisicho na intaneti, na hajatoka huko hadi leo. Watu kama yeye mmewaacha nje ya mlango na sidhani kama mliwahesabu.

Sisi hapa tulijifunza kwa shida. Tulikuwa na mgeni wa mtandaoni aliyepangwa wiki ya uchaguzi wa Januari 2021. Intaneti ikazimwa nchi nzima. Mwenyekiti akampigia simu ya kawaida, akaweka spika, akaisimamisha ndani ya bilauri tupu ili sauti itoke. Tulikaa tisa tumeizunguka ile bilauri. Nakwambia, kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote vya Zoom tulivyofanya baadaye. Mtu wa simu ya kawaida hana slaidi za kujificha nyuma yake.

Binti_Mbale:

Mimi nitawatetea wa mtandaoni kidogo, samahani mzee.

Klabu yetu isingempata mhadhiri wa Dar es Salaam kwa sahani ya matoke. Nani angemlipia basi? Kwenye skrini tumempata, na Kiswahili chake kiliwafanya wazee wetu wakae wima kwenye viti. Tumempata pia nesi Mganda anayefanya kazi Boston, akatueleza jinsi wazee wanavyotunzwa huko. Ila huyo wa Boston alitutoa jasho. Mpangaji wetu alimwandikia "tukutane saa 7". Yule dada ameishi huko miaka mingi, akili yake imeshakuwa ya saa za Kizungu. Akaingia saa moja ya asubuhi yetu, akatusubiri peke yake nusu saa, akalala. Sasa tunaandika "saa saba mchana ya Uganda" na tunamtajia ya kwake pia, maana saa saba yetu kule Boston ni saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, kutegemea majira. Muulize mtu kwanza kama yuko tayari kuamka.

Kuhusu afisa wako kukimbia: andikeni maswali matatu, mpelekeeni siku tatu kabla, na mmwambie jibu lake litasomwa kikaoni hata kama hayupo. Akikata, mwenyekiti anasema kwa sauti, "Swali la kwanza halijajibiwa," na linaandikwa kwenye kumbukumbu. Maafisa wanaogopa kumbukumbu.

Abu_Arua:

Katibu, umeuliza umshike kwa kitu gani. Mshike kwa chakula hichohicho.

Sisi Arua hatukukubali kila mtu akae kwake. Hoteli tuliiacha, tunakodi ukumbi mdogo wa msikiti, akina mama wawili wanapika, kila mmoja anatoa 12,000. Tunakula pamoja. Mgeni peke yake ndiye yuko mbali, kwenye ukuta, kwa projekta ya kuazima. Simu inayochukua sauti inazunguka kutoka mkono hadi mkono, kwa hiyo anayeuliza anaonekana na kujulikana.

Halafu, na hili lilianza kama utani: mgeni tunamtumia 15,000 kwenye simu siku moja kabla, na ujumbe kwamba ni ya chakula, tunaomba ale nasi. Wengi hucheka, halafu wanafanya. Kuna mwanasheria alijitokeza na rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, kwenye gazeti, akala mbele yetu sote, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatafuta kitambaa hana, akafuta kwa karatasi zake za hotuba. Ikabidi azungumze bila karatasi. Baada ya hapo hakuna aliyemwogopa. Waliuliza mpaka mambo ya talaka.

Sikuahidi kwamba hakuna atakayekimbia. Lakini katika wote tuliowalisha, mmoja tu alikata, na huyo alipiga simu jioni kuomba radhi, kwao umeme ulikuwa umekwenda kweli.

KatibuWaMeza (Jinja):

Asanteni sana. Mzee wangu, umenichoma na hilo la katochi. Nimehesabu: ni wanne. Hawajalalamika, wameacha tu kuja, na mimi niliandika kwenye kitabu "udhuru". Nitawapigia mwenyewe wiki hii.

Abu, nimempelekea mwenyekiti wazo lako. Alisema kumtumia mgeni pesa ya chakula ni kama kumhonga. Hajati akamjibu kwamba kwa miaka yote tulikuwa tukimhonga kwa ngege na yeye mwenyekiti ndiye aliyekuwa akimkatia limau. Limepita.

Ukumbi tumeupata, nyuma ya duka la vipuri, bure, ila tuhamishe matairi wenyewe. Mgeni wa mwezi ujao anatoka wizara moja, mambo ya maji. Nimemtumia 15,000 jana na maswali matatu kama alivyosema Binti Mbale. Amejibu leo asubuhi. Hakugusia maswali. Ameuliza kama ni lazima kamera iwe wazi wakati wa kula, kwa sababu yeye hula kwa mkono.

Nimemwandikia kwamba sisi pia.