Ofisini kila mtu kichwa kinauma, nataka kununua mashine ya kusafisha hewa. Naombeni ushauri

Kona_Tulivu (mleta uzi):
Habari za wakati huu wakuu. Ofisini tupo watu 9 kwenye chumba kimoja kikubwa. Tangu mwezi uliopita, ikifika mchana kichwa kinagonga, macho yanakuwa mazito, wengine kichefuchefu. Ukirudi nyumbani, saa moja au mbili tu uko mzima. Kiyoyozi hakina shida. Nimepewa jukumu la kutafuta dawa ya hili jambo na nimeona mashine ya kusafisha hewa inayotoa ozoni. Naomba kujua, ya ukubwa gani itatosha? Nimechoka kulaumiwa.

ShabaNne:
Mkuu huo ni usingizi wa baada ya chakula. Watu wanashiba mpaka pumzi zinawakata, halafu kesi anapewa hewa.

BintiSubira:
Poleni jamani. Kwetu ilikuwa ukungu. Tulipiga chafya miaka miwili, mpaka siku fundi aliposogeza kabati la mafaili tukakuta ukuta mweusi tii, bomba linavuja ndani kwa ndani. Ubao wa nyuma wa kabati ukiubonyeza kidole kinazama. Bomba likazibwa, ukuta ukakwanguliwa, chafya zikaisha. Sogezeni makabati kwanza.

Mzee_wa_Hoja:
Tatizo ni waajiri. Kapeti linasafishwa kila wiki, anayelikanyaga hakuna anayemuuliza anapumuaje. Mungu anawaona.

FundiPepo:
Mleta uzi, achana na mashine ya ozoni. Ozoni inachoma koo na mapafu, utaongeza wagonjwa. Ukitaka mashine, tafuta yenye chujio la HEPA, linanasa 99.97% ya chembe za mikroni 0.3. Lakini chujio hilo ni la vumbi, gesi zinapita kama kawaida. Halafu kiyoyozi cha ukutani mnakisifia bure: kinapooza hewa ile ile iliyomo ndani na kuirudisha, hakileti mpya. Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi sehemu 420 hivi katika milioni. Ndani ikipita 1,000 ujue mnavuta pumzi za wenzenu. Sasa nijibu mawili: madirisha yanafunguka? Na hicho kichwa ni kila siku au siku fulani fulani?

Kona_Tulivu:
Madirisha tuliyaziba kwa selotepu mwaka jana, vumbi lilikuwa linaua kompyuta. Sidhani kama ndiyo sababu, maana mwaka jana hatukuumwa. Kichwa si kila siku, mara nyingi ni siku umeme ukikatika. Leo umekatika, tuko 7 tu humu ndani na bado vinauma. Ila wakuu, mashine nimeshailipia nusu. Niambieni ukubwa tu.

FundiPepo:
Umeme ukikatika mnatumia nini?

Kona_Tulivu:
Jenereta. Lakini iko nje, kibaraza cha nyuma. Tuliisogeza pale mwezi uliopita kwa sababu ya wezi. Harufu ya moshi ndani haipo kabisa.

NesiZamuUsiku:
Imesogezwa mwezi uliopita, na vichwa vimeanza mwezi uliopita. Ndugu yangu, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta, haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Hakuna mashine ya kusafisha hewa itakayoitoa humo.

Mkweli_Daima:
Mimi naona hii chai. Mwanzo mlikuwa 9, sasa 7. Mwanzo shida haijulikani, sasa jenereta. Ukiulizwa unarudi kwenye mashine. Subirini, muda si mrefu atabandika namba ya simu ya muuzaji. Watu wanakufa kwa moshi wa jenereta, si jambo la kutungia hadithi.

ShabaNne:
Hata mimi hiyo hesabu imenigomea.

Kona_Tulivu:
Sijatunga. Wawili wako nyumbani. Mmoja alianguka jana mlangoni mwa stoo, na stoo ndiyo inayopakana na kibaraza. Mwingine ni mjamzito, alitapika, tukasema ni mimba. Sikuandika kwa sababu aliyeshauri jenereta isogezwe pale ni mimi. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Bomba la moshi limeelekea tundu la hewa la stoo, hata urefu wa mkono haufiki. Nimepitisha kidole kwenye tundu kikatoka cheusi. Lakini nikizima kazi yote inasimama, na ripoti inatakiwa leo. Nikiacha mlango wa stoo wazi mpaka jioni haitoshi?

NesiZamuUsiku:
Haitoshi! Zima sasa hivi, toa watu nje wote. Jenereta inatakiwa ikae angalau mita 6 kutoka kwenye jengo, bomba la moshi likitazama mbali na milango na madirisha. Huyo mjamzito aende hospitali leo, maana gesi hii inamfikia na mtoto tumboni. Aliyeanguka naye aende. Waseme wazi "tumekuwa tukivuta moshi wa jenereta" na waombe damu ipimwe. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kusoma oksijeni iko sawa kumbe siyo. Wasisubiri kesho, ukikaa kwenye hewa safi gesi inatoka kwenye damu na kipimo kinaweza kisionyeshe kitu.

Mkweli_Daima:
Kama ni kweli naomba radhi. Nenda kazime, tutaongea baadaye.

BintiSubira:
Mleta uzi? Umezima?

Kona_Tulivu:
Nimezima. Selotepu nimezichana zote, watu wako nje chini ya mti. Mume wa yule dada nimempigia, wako njiani kwenda hospitali. Aliyeanguka kaka yake anampeleka. Bosi ametoka kuniuliza nani ameruhusu kazi isimame. Nimemwonyesha kidole.