Wauzaji wa diski za mtumba waache kutuficha saa za matumizi

Ndugu wanajukwaa, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Biashara ya diski kuu za mtumba katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo imefika mahali ambapo mnunuzi anauziwa kitu ambacho muuzaji anaijua hali yake, au angeweza kuijua kwa dakika chache tu kama angetaka, lakini anachagua kunyamaza hadi fedha ziingie mfukoni mwake. Sina ugomvi na mtumba. Wengi wetu tuna kompyuta za nyumbani ambazo ni za mtumba kuanzia kasha mpaka kioo, na zinatufaa miaka nenda miaka rudi. Ninachokipinga ni uongo unaofungwa pamoja na diski na kuuzwa kwa bei ileile.

Kompyuta yetu ya mezani ina SSD ya GB 256 inayobeba Windows na programu zote. Nafasi ilikwisha kwa sababu mdogo wangu anarekodi harusi na sendofu, na video za shughuli moja tu zinakula makumi ya GB. Tulihitaji diski ya TB 2, ya inchi 3.5, ya kuongezea ndani ya kasha, na bei ya mpya ilituzidi. Duka nililonunua silitaji hapa, kwa kuwa tabia hii si ya duka moja. Muuzaji alinieleza kwamba diski ilitoka kwenye kompyuta ya ofisini huko Ulaya, imetumika miezi michache, na afya yake ni asilimia mia moja. Aliiunganisha kwa adapta ya USB kwenye laptopu yake, ikaonekana, akafungua folda tupu na kusema, "Bosi, si unaona inasoma?" Nilipomwomba anionyeshe taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski inajitunzia kuhusu afya na matumizi yake, alijibu kwamba programu hiyo hana, wateja wanasubiri, na nikikutana na tatizo lolote nirudi nitabadilishiwa.

Nyumbani niliifunga, nikachomeka waya wa data na waya wa umeme, ikazunguka na kutambuliwa bila shida. Kabla ya kuweka faili hata moja nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaipakua kwa dakika moja, na alama ya afya ilikuwa ya njano. Saa za kuwashwa zilisomeka 41,286. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski hii ilizunguka kwa zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Mstari mwingine ulionyesha kwamba katika muda wote huo ilikuwa imewashwa mara 61 tu, yaani kwa wastani kila ilipowashwa ilikaa ikizunguka takriban siku 28 mfululizo. Hakuna kompyuta ya ofisini inayozimwa jioni na kuwashwa asubuhi ambayo ingetoa hesabu ya namna hiyo. Hiyo ilikuwa diski ya seva, au ya mtambo wa kamera za ulinzi, na ilifanya kazi usiku na mchana mpaka mwenyewe alipoona imechoka na kuitoa.

Ninaomba mnivumilie katika maelezo yanayofuata, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kwamba muuzaji hana kisingizio. Mstari wa SMART wenye namba 05 unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuharibika ambazo diski imezihamishia kwenye akiba yake ya ndani, na kwa diski yangu zilikuwa 312. Mstari wa C5 unahesabu sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na sasa zinasubiri kuandikwa upya ili ijulikane kama zitapona au zitahamishwa. Hizo zilikuwa 24. Diski yenye sekta chache zilizohamishwa miaka mingi iliyopita, na idadi yake ikabaki palepale, inaweza kuendelea kufanya kazi. Diski yenye mamia ya sekta zilizohamishwa na nyingine zinazosubiri bado inaendelea kufa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuikabidhi picha za familia yake. Niliangalia pia mstari wa C7, ambao hupanda pale waya wa data unapokuwa mbovu, nao ulikuwa sifuri, kwa hiyo hadithi ya waya mbovu haina nafasi hapa.

Ili nisionekane ninategemea namba peke yake, niliinakilia video za zamani ambazo tuna nakala zake kwingine, kisha nikazisoma tena. Mwanzoni kasi ilikuwa nzuri. Baada ya muda ikaporomoka hadi sifuri, ndani ya kasha ukasikika mlio wa kugonga unaojirudia, na Windows nzima ikaganda kwa sababu diski ya kawaida ikishindwa kusoma sekta hurudia tena na tena kabla ya kutoa taarifa ya hitilafu. Video kadhaa hazikusomeka mpaka mwisho. Nilipotazama SMART upya, mstari wa C5 ulikuwa umepanda.

Nilirudi dukani na diski ikiwa ndani ya mfuko uleule, nikiwa nimechapisha kurasa za kabla na baada. Muuzaji hakuzisoma. Alinyoosha kidole kwenye muhuri uliogongwa chini ya risiti ya mkono, wenye maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akaniambia kwamba pengine niliiangusha, au umeme wa kwangu si mzuri. Nilipomkumbusha ahadi yake ya kubadilisha, alisema fundi wake anaweza "kuitengeneza" kwa malipo kidogo. Niliuliza fundi atafanya nini. Jibu lilikuwa kwamba ataifomati, kisha ataikata ile sehemu mbovu ili ibaki sehemu nzima.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, kwa sababu nilielewa kwamba huo ndio utaratibu wao. Kugawa diski ili eneo lenye sekta mbovu libaki nje ya matumizi hakuponyi chochote; diski iliyoanza kupoteza sekta upande mmoja kwa kawaida inaendelea kuzipoteza, na vichwa vinavyosoma sehemu nzima ni vilevile vinavyosoma sehemu mbovu. Anayeuziwa diski ya aina hiyo ataona herufi D kwenye kompyuta yake, ataona nafasi pungufu kidogo, ataambiwa kwamba hivyo ndivyo Windows inavyohesabu, na atarudi nyumbani kwa amani. Ni kweli kwamba diski ya TB 2 huonekana kwenye Windows kama GB 1,863, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ya TB 2 inayoonyesha GB 1,500 haina maelezo hayo, na yeyote aliyenunua ya namna hiyo afungue ukurasa wa kusimamia diski aangalie kama kuna eneo limeachwa bila kugawiwa.

Kuna ujanja mwingine unaowagharimu watu zaidi. Baadhi ya diski kubwa zilizotoka kwenye vituo vya data zina utaratibu wa kuzimwa kwa mbali kupitia pini ya tatu ya SATA, ile plagi bapa inayoipa diski umeme. Ukiifunga kwenye kompyuta ya nyumbani yenye pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) inayopeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo, diski inakataa kuzunguka kabisa, ingawa ni nzima. Tiba yake ni adapta ya bei ndogo inayochukua umeme kutoka kwenye ile plagi kubwa ya zamani ya pini nne, ambayo haina volti 3.3. Nimesoma malalamiko ya watu walioambiwa dukani kwamba pawasaplai zao zimekufa, wakauziwa nyingine, na tatizo likabaki vilevile. Muuzaji anayejua bidhaa yake angewaambia ukweli, na asiyeijua hana haki ya kujiita mtaalamu mbele ya mteja.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo linanisumbua kuliko hata fedha zangu. Folda tupu niliyoonyeshwa dukani ilitokana na fomati ya haraka, ambayo huandika upya orodha ya faili tu na kuacha takriban kila kitu kingine mahali pake. Nilipotaka kuthibitisha diski hii imetoka wapi, niliipitisha kwenye programu ya kurejesha faili, na ndani ya muda mfupi zilianza kutokea nakala za pasipoti na hati za mishahara za watu nisiowajua. Nilisimamisha kazi hiyo palepale na kufuta zilizotoka. Fikirini ingekuwa diski ya ofisi ya hapa kwetu, ya shule, ya zahanati au ya mtoa huduma za fedha, kwa sababu diski zetu nazo zinauzwa kwa mafundi hao hao na zinafutwa kwa namna hiyo hiyo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikiwa inatumika, na bado kaunta za maduka zimejaa diski zenye siri za watu. Kuifuta diski ipasavyo hakuhitaji mtambo wowote: fomati kamili ya Windows, ile isiyo ya haraka, huandika sifuri kwenye diski nzima. Inachukua saa kadhaa kwa TB 2, na duka linafungwa usiku kila siku. Zaidi ya hapo, fomati hiyo ndiyo ingemlazimisha muuzaji kukutana na sekta mbovu kabla ya mteja.

Wapo watakaoniambia kwamba saa nazo zinaweza kuchezewa, na ni kweli, kama vile kilomita za gari la mtumba zinavyorudishwa nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 chombo cha habari cha Ujerumani kiitwacho Heise kiliripoti wanunuzi waliouziwa diski za kampuni ya Seagate kama mpya, zikiwa na SMART inayoonyesha takriban sifuri, ilhali kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM ilionyesha maelfu kwa maelfu ya saa za kazi. Seagate ilisema haikuwauzia wauzaji hao diski za namna hiyo, na ilidhaniwa kwamba nyingi zilitoka kwenye mashamba ya sarafu ya kidijiti ya Chia, ambayo tangu mwaka 2021 ilikuwa ikitumia nafasi ya diski badala ya nguvu za prosesa. Kwa hiyo diski kuukuu inayoonyesha saa sifuri nayo itiliwe shaka. Kwa diski za Seagate, programu ya smartmontools kuanzia toleo la 7.4 inaweza kuisoma hiyo FARM, na tofauti kati yake na SMART ikiwa kubwa ujue umeshikwa. Lakini muuzaji wangu hakuhitaji hata kuchezea namba. Alitegemea tu kwamba wateja wengi hawatazitazama.

Ninachodai ni kidogo. Muuzaji wa diski ya mtumba aunganishe diski mbele ya mteja, afungue taarifa za SMART, na aandike kwenye risiti namba ya utambulisho ya diski, saa za kuwashwa, na hesabu za mistari ya 05 na C5. Aendeshe lile jaribio fupi ambalo diski hujipima yenyewe, ambalo kwa kawaida huchukua takriban dakika mbili, na atoe muda wa mteja kufanya jaribio refu nyumbani. Diski yenye saa 40,000 na sekta safi iuzwe kwa bei ya saa 40,000, na atakayeitaka kwa ajili ya nakala ya tatu ya faili zake ataichukua kwa hiari akijua anachonunua. Iliyooza iuzwe kama chakavu kwa wanaotafuta vipuri, au isiuzwe.

Kuhusu ule muhuri wa bidhaa kutorudishwa, wauzaji waelewe kwamba wino haufuti sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na aliyesema miezi michache kwa kitu kilichofanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu amedanganya. Nimeandaa malalamiko kwa Tume ya Ushindani nikiambatanisha risiti, picha ya lebo ya diski na zile kurasa za SMART. Nitaiuliza pia mamlaka ya mapato kwa nini duka lenye wateja wa kupanga foleni linatoa risiti ya mkono badala ya risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi.

Kwa wanajukwaa walionunua diski za mtumba hivi karibuni, ninaomba mzikague leo, mkiwa bado na nakala za faili zenu mahali pengine, na mweke hapa chini picha ya ukurasa wa SMART pamoja na maneno mliyoambiwa na muuzaji wakati wa kununua. Fichani namba ya utambulisho ya diski na msitaje jina la mtu. Kama mna risiti, nijulisheni pia kama imeandikwa chochote kuhusu hali ya diski, kwa sababu malalamiko yenye mifano ya wanunuzi wengi yatakuwa na uzito kuliko ya kwangu peke yangu. Na kama kuna muuzaji anayesoma hapa ambaye tayari anaonyesha SMART kwa kila mteja, ajitokeze aseme duka lake liko mtaa gani, nasi tutampelekea fedha zetu.