Samaki ananadiwa kwa shilingi dikoni Nungwi, kwa nini akifika mezani anakuwa wa dola?

Waungwana, assalaam alaykum.

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu ili asitokee mtu wa kusema kwamba nalalamikia ughali tu. Sina ugomvi na ughali. Mwenye mkahawa aliyekodi eneo mbele ya bahari, anayenunua barafu kila asubuhi na kuendesha jenereta umeme unapokatika, ana haki ya kutoza zaidi ya mama lishe aliye ndani ya kijiji. Ninachokikataa ni mtu kuketi mezani katika nchi yake mwenyewe, akala samaki aliyevuliwa na ndugu zake, na asiijue bei mpaka ibaki mifupa mitupu kwenye sahani.

Skukuu ya Idi iliyopita niliipeleka familia Nungwi, kaskazini ya Unguja, tukiwa pamoja na shemeji zangu waliotoka Tanga. Nungwi tuliichagua kwa sababu ambayo kila mwenye watoto anaijua: upande wa mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje mpaka Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na watoto hubaki wakizunguka kwenye mchanga na mashamba ya mwani wakisubiri yajae tena, ilhali Nungwi na Kendwa bahari haiondoki mbali na mtu anaweza kuoga kutwa. Faida hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya mikahawa ibanane pale ufukweni, na ndiyo iliyowapa wenyewe ujasiri wa kutufanya watakavyo.

Mkahawa tulioingia sitautaja, kwa sababu nimeona mambo hayo hayo katika mikahawa jirani yake na sitaki uzi huu ugeuke ugomvi na mfanyabiashara mmoja. Mlangoni palikuwa na meza ya barafu iliyopangwa changu, kolekole, vipande vya jodari, pweza na kambakochi, vyote bila kibao cha bei hata kimoja. Kijana aliyetupokea alianza kwa Kiingereza na akaendelea na Kiingereza hata baada ya mke wangu kumwitikia kwa Kiswahili cha Makunduchi. Nilipomuuliza bei ya kolekole alisema inategemea uzito, nilipomwomba ampime alisema mizani iko jikoni, na nilipotaka walau kadirio, akaniambia, "Usijali mzee wangu, tutaelewana." Basi samaki akapelekwa jikoni, na sisi tukakaa kusubiri kwa muda ambao watoto walimaliza chupa zote za maji zilizokuwa mezani, chupa ambazo nazo zilikuja kuhesabiwa.

Hesabu ililetwa kwa dola. Uzito ulioandikwa haukulingana hata kidogo na minofu tuliyoiona, na tulipouliza tukajibiwa kwamba samaki hupimwa kabla hajaparwa magamba na kutolewa matumbo. Hilo ningelikubali, kwani hata dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, huuzwa mzima, lau tungelionyeshwa mizani hiyo kabla ya kuni kuwashwa. Wali ulihesabiwa mbali. Kachumbari ilihesabiwa mbali. Limau nalo, katika kisiwa ambacho malimau yanaoza chini ya miti, lilikuwa na mstari wake. Chini kabisa kulikuwa na asilimia kumi ya huduma ambayo haikutajwa popote kabla ya hapo. Nilipotoa shilingi, kiwango cha kubadilishia dola kilikuwa cha mkahawa wenyewe, juu ya kile cha benki cha siku ile, maana yake ni kwamba nilitozwa mara ya pili kwa kosa la kubeba fedha ya nchi yangu.

Jambo hili la dola si la adabu peke yake. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, na sahani ya samaki si mojawapo ya mambo hayo. Mgeni kutoka Ujerumani au Italia anaweza kubadilisha fedha zake akalipa kama sote tunavyolipa. Mimi niliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, Mjini Unguja, sioni kwa nini nipigiwe hesabu ya chakula cha mchana kana kwamba nimeshuka kwenye ndege asubuhi ile.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hatua chache kutoka pale kuna diko. Ngalawa zinaingia, samaki wanamwagwa mchangani, mnadi anapaza sauti, na bei inapanda kwa shilingi mbele ya macho ya kila mtu: wachuuzi, kina mama wanaokwenda kukaanga, na wanunuzi wa mikahawa hiyo hiyo. Pale hakuna siri. Mtu anajua kolekole yule ameanzia ngapi na ameishia kwa nani. Siri inaanza samaki anapovuka mlango wa mkahawa, na anayefichwa ni mlaji pekee.

Najua nitaambiwa kwamba ningeingia ndani ya kijiji. Tuliingia. Nyuma ya hoteli, kando ya njia wanayopita mafundi na wafanyakazi wa hotelini, wapo kina mama wanaopika wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga na mchuzi ambao mtu anausikia harufu kabla hajauona, na bei zao mtu anatajiwa kabla hajakaa. Lakini kina mama hawa wanapikia watu wa kazi, kwa hiyo ikifika alasiri masufuria yameshaoshwa. Na siku za Idi wengi hawapiki kabisa, kwa kuwa nao ni Waislamu wenye watoto wa kuwavisha na jamaa wa kuwatembelea. Hilo si kosa lao. Kosa ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi upande wa bahari. Ardhi ya Zanzibar imekuwa mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini kwenye ufuo ule mama wa Nungwi hana pahala pa kuinjika sufuria lake bila ya kufukuzwa na mlinzi.

Na chakula chenyewe kilichopo mbele ya bahari ni kipi? Piza, tambi za Kitaliano, baga, na kuku wa kuchoma. Pweza wa nazi tulimwona mahali pamoja, akiwa ametiwa krimu ya kopo, na shemeji yangu mkubwa, mtu mpole sana, aliuliza kwa upole huo huo kama nazi zimekatazwa kisiwani. Samaki wa kupaka hapana, boga la nazi hapana, shelisheli hapana, mkate wa kumimina hapana. Mtu anaweza kukaa wiki nzima katika ufuo wa Unguja na kurudi kwao bila ya kuonja chakula cha Unguja, na akaondoka akiamini kwamba hatuna.

Wengine watasema tungerudi Mjini tukale Forodhani usiku. Forodhani naipenda, tangu bustani ilipofunguliwa tena mwaka 2009 baada ya matengenezo, ni mahali pazuri pa kupeleka watoto, mbele ya Ngome Kongwe, penye upepo na juisi ya miwa. Lakini ugonjwa ni ule ule. Mishikaki ya kamba na ngisi imepangwa mezani bila bei, muuzaji anakujazia sahani huku akikuhimiza uchague kwanza, na bei inatokana na sura, lafudhi na viatu vyako. Shemeji zangu, kwa kuwa lafudhi yao ni ya Tanga, walitajiwa bei moja, na mimi niliyesimama nyuma yao nikatajiwa nyingine kwa mshikaki uliotoka katika meza hiyo hiyo. Urojo na piza ya Zanzibar angalau bei zake zinajulikana mjini kote, kwa hiyo huko mtu haibiwi sana.

Na si kweli kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Pale mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini huko Mjini, mzungu na mchukuzi wanasimama mstari mmoja, vyakula viko wazi, unaonyesha unachotaka, unatajiwa bei yake, unakwenda kukaa. Biashara haijafa kwa sababu hiyo, na wageni wanapajaza.

Hoja ya kwamba mtalii ndiye anayetulisha nimeisikia mno. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, nami nafurahi, kwani mdogo wangu anafanya kazi hotelini. Lakini mtalii naye hapendi kupikiwa samaki asiyepimwa. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye ananung'unika akishafika kwao, pale ambapo hatumsikii.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na nimeshakiandika katika barua ninayoipeleka Kamisheni ya Utalii na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara: bei ya kila kilo iandikwe kwa shilingi juu ya meza ya barafu, mizani iwe mbele ya mlaji, na asilimia ya huduma itajwe kabla ya kuagiza. Mkahawa usiotaka usipewe leseni mpya.

Shemeji zangu wanarudi skuli zikifungwa. Anayejua mkahawa wa ufukweni, kuanzia Matemwe hadi Kizimkazi, unaompima samaki mbele ya mteja na kumtaja kwa shilingi, autaje hapa pamoja na bei yenyewe. Na wenye mikahawa mnaosoma uzi huu, jibuni kwa majina yenu na bei zenu, wala msinitumie ujumbe wa siri wa kuniahidi punguzo.