Mtoto hamsogelei mamake mpaka aoge. Familia za watu wa spitali, kwenu yamebaki yepi?

Fundi wa Jang'ombe

Assalaam alaykum. Mimi fundi cherehani, mke wangu nesi, tunakaa Jang'ombe. Suala langu la nyumbani, si la siasa, kwa hiyo wale wa "korona ilikuwa uongo" nawaomba leo watupishe.

Machi 2020, skuli zilipofungwa na watoto wakabaki majumbani, mtoto wetu wa pili alikuwa ndiyo kwanza kajua kukimbia. Mamake hakukaa nyumbani. Akitoka alfajiri na gari ya kwanza, na jioni mtoto akisikia sauti yake huchomoka mbio, ikabidi tumdake kiunoni. "Mama mchafu! Mama mchafu!" ndivyo bibi yake alivyokuwa akimwambia, maana mtoto wa umri ule utamfahamisha nini cha virusi? Mama anapita ubavuni mwa nyumba, anaingia uani kwa mlango wa nyuma, anavua yunifomu kwenye beseni la jiki, anaoga choo cha nje, ndipo anasalimiwa.

Sasa mtoto yuko skuli, ana akili zake. Lakini mpaka leo mamake akirudi, popote alipotoka, yeye husimama mlangoni mwa chumba na kuuliza: "Umeshaoga?" Juzi mama katoka kwao Makunduchi na mkungu wa ndizi, kaulizwa vilevile. Alicheka. Usiku akaniambia hakuona cha kuchekesha.

Nauliza nyumba nyengine zenye watu wa afya: mazoea gani yamewabakia, na mmeyaacha vipi? Naona watu wanashukuru madaktari na manesi, na wanastahiki, lakini kazi ile ilifanywa na nyumba nzima. Mimi fungu langu lilikuwa yunifomu. Anazo mbili tu. Jiki hula uzi kabla ya kitambaa, na mshono wa kwapa ndio unaotangulia kuachia. Gauni moja nimelirudia mpaka pa kupitisha sindano pakakosekana. Barakoa nimeshona za pamba, tabaka mbili, na lastiki ilipoadimika Darajani nikatia vikamba vya kufunga kisogoni. Wateja wengine wakinitania kuwa mke wangu ananiletea biashara kutoka kazini. Nilikuwa napokea fedha zao, najibu "haya".

Ila Ramadhani ile, iliyoingia mwishoni mwa Aprili, ndiyo iliyoniuma. Kwetu futari huliwa sinia moja. Mke wangu akapakuliwa peke yake: sahani yake, bakuli lake la uji, kijiko nilichokifunga uzi mwekundu kisichanganyike na vya wengine. Mkeka wake upande wa pili wa ukumbi, karibu na dirisha lililo wazi. Muhogo wa nazi ni ule ule, samaki ni yule yule, na hakuna aliyekula akashiba. Mamaangu ana sukari, tungefanyaje?

Binti wa Wete

Waalaykum salaam kaka fundi. Niko Pemba. Mamaangu hakuwa daktari wala nesi, alikuwa mfanya usafi wa wodi. Hao ndio hawatajwi kabisa. Yeye ndiye anayekusanya mashuka, anayepiga deki chini ya kitanda, anayemwaga ndoo. Glavu zikija chache, wa mwisho kupewa ni yeye, na siku nyengine alivaa mifuko ya plastiki mikononi, kafunga na mpira wa kibiriti.

Nyumbani maji tulikuwa tukichota mfereji wa jirani. Jirani hakutwambia tusije. Alianza tu kuufunga kwa kufuli nyakati zetu za kwenda. Tukawa tunachota usiku kwa nyumba ya mbali, mimi na kakaangu, ndoo kichwani, na ukikutana na mtu njiani anahamia upande wa pili wa barabara. Wakati huo huo mchana hao hao wanamcheka mama kwa beseni lake, wanasema anajitia udaktari.

Halafu Maalim Seif akafariki, tarehe 17 Februari 2021. Mwisho wa Januari chama chake kilikuwa kimeshatangaza kuwa anaumwa korona. Alizikwa kwao Mtambwe, na nyinyi wenyewe mnajua Mtambwe ilivyofurika. Mtu mkubwa kama yule, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar! Haukupita muda jirani akaja mwenyewe na kopo lake mkononi, anauliza jiki inachanganywa vipi. Hakuomba radhi, na mama hakungoja aombwe. Akamuonesha.

Kilichobaki kwetu: mamaangu hakumbatii mtu. Ameshastaafu, wajukuu wanakuja sikukuu, anawapa mkono na pipi. Mimi simlazimishi.

Mtu wa Watu

Jamani miaka imeshapita, mnafukua makaburi ya nini? Watu walijifukiza mchaichai na mwarobaini wakapona. Tuzungumzeni karafuu.

Mzee wa Kikwajuni

Makaburi umeyataja wewe kijana, na mimi ndiye niliyekuwa nikiteremka ndani yake.

Mimi huosha maiti mtaani kwetu tangu ujana wangu. Spitali sina cheo, yunifomu sina. Nyakati zile mlango unagongwa usiku: "Mzee, baba katutoka, alikuwa na changamoto ya kupumua tu." Hakuna anayetaja ugonjwa. Unafika unaona watoto waliomuuguza wamejikusanya ukumbini, hapana anayetaka kuingia chumbani, nawe unafahamu bila ya kuambiwa. Takwimu nazo zilikuwa zimeshakoma kutangazwa tangu 2020, basi muosha anajua lipi zaidi ya macho yake?

Sheria yetu si ngumu. Ikiwa kumuosha kunahofiwa madhara, atatayammamishwa, yaani apakwe vumbi safi badala ya maji, na hilo lisipomkinika atasaliwa hivyo hivyo. Lakini jaribu kumwambia mjane mlangoni kuwa mumewe hataoshwa. Mimi sikuweza. Nilivaa glavu mbili mbili, barakoa juu ya barakoa, madirisha wazi, maji namimina kwa kopo taratibu yasiruke. Tumbo sikuliminya kama tulivyofundishwa kulipapasa, kwa kuogopa pumzi na maji yanayotoka. Hilo nililiuliza kwa sheikh wangu kwanza, akaniruhusu.

Mke wangu ananitilia ndoo na kikoi kichochoroni, natandua nguo hapo hapo gizani. Wajukuu tuliwahamishia Bububu kwa mama yao mkubwa. Siku ya Idd waliletwa, wakasimama barabarani, tukapungiana mikono kama watu wa bandarini wanaoagana na chombo.

Kilichobakia ni glavu. Zamani tukiosha mikono mitupu na tukiona ndiyo heshima. Sasa siachi, awe kafa kwa lolote. Na wewe fundi, mtoto usimkemee.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wetu. Mungu akulipe.

Kaka fundi, nakujibu kama nesi na kama mama. Mwanzoni tuliogopa kila kitu: viatu, mikoba, noti za fedha, kitasa cha mlango. Baadaye ikabainika kuwa njia kubwa ya virusi hivi ni hewa. Mtu anapumua, anasema, anakohoa ndani ya chumba kilichofungwa, na wenzake wanaivuta hewa ile ile. Kunawa mikono kunafaa na kutaendelea kufaa, lakini lile dirisha lililokuwa wazi wakati wa futari lilikulindieni bibi kuliko beseni la uani.

Na hilo beseni tuliseme. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, inakupa asilimia 0.5. Hiyo ya wodini, ya damu na matapishi. Gauni ukiliroweka humo usiku kucha, kweli litaachia kwapa. Yunifomu inatosha sabuni, maji ya moto, ianikwe juani ikauke vizuri. Jengine, naliona sana majumbani: msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi ati iwe kali zaidi. Inatoa gesi inayounguza mapafu, na chooni hakuna pa kukimbilia.

Mimi 2020 nilikuwa na mtoto anyonyaye. Wifi zangu wote waliniambia nimwachishe. Shirika la Afya Duniani likatoa maelekezo kuwa mama anyonyeshe hata akiwa mgonjwa mwenyewe wa korona, avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Nikawaonesha kwenye simu, wakasema hayo ya Wazungu. Nilinyonyesha. Mtoto kajifunza kuuvuta ule ukamba wa barakoa, kila akishiba anautafuta, na mimi namzuia mkono. Kila mama aliyekuwa wodini na mtoto mdogo ana kisa chake cha namna hiyo.

Kwa huyo wenu, hilo neno "mchafu" bibi aliache, hata kwa mzaha. Mkeo avue yunifomu kazini kama pana pa kubadilishia. (Kwetu hapakuwepo. Tulibadilisha stoo ya mashuka, mmoja anashika mlango.) Halafu mpeni mtoto kazi. Wangu mkubwa alikuwa na hofu hiyo hiyo, nikamwambia yeye ndiye bwana taulo: nikirudi aniletee taulo na kanga mpaka mkononi mwangu. Kidogo kidogo akaanza kunisindikiza uani, akaanza kunihadithia ya skuli huku naoga, siku moja akanirukia kabla sijavua hata viatu. Nilimpokea hivyo hivyo.

Na wewe Mtu wa Watu, Shirika la Afya Duniani lilikadiria wafanyakazi wa afya waliofariki kwa korona duniani, tangu Januari 2020 hadi Mei 2021, ni kati ya 80,000 na 180,000. Mzee wetu wa Kikwajuni akipatwa wakati ule asingehesabiwa humo, wala mchukuzi wa bandarini.

Hamali wa Malindi

Ahsante dada kwa kututaja, maana mimi nasoma hapa kimya tu.

Boti zikiteremsha watu sisi ndio wa kwanza. Begi la mtu unalitia begani, kwa hiyo shavu lako na mpini wake ni kitu kimoja, na mwenye begi anakukoholea kisogoni akikuelekeza teksi yake. Mwisho wa 2020 wageni waliporudi, Warusi wengi mno, watu wa hoteli na wa uwanja wa ndege walifurahi na mimi nikafurahi, njaa ilikuwa imeshatushika. Unachagua ugonjwa au watoto wale nini. Mke wangu alikuwa akinimwagia maji ya ndoo nje ya mlango, nguo zote mwilini, na majirani wa juu wanaangalia dirishani. Hilo alhamdulillah limekwisha. Lililobaki ni kuwa kila nikikohoa yeye hunigeukia.

Fundi wa Jang'ombe

Nimewasoma nyote, na mke wangu kasoma. La kuacha kuroweka kalifurahia kuliko mimi, kasema sasa gauni jipya litafika mwaka. La bwana taulo tunaanza Jumatatu akirudi zamu ya mchana. Mamaangu nimeshamwambia kuhusu lile neno, kanuna kidogo, kasema mbona nyinyi nimekuleeni hivyo hivyo. Atalizoea.

Binti wa Wete, mpe mama salamu zetu.

Mzee wa Kikwajuni, aproni ya kuoshea unayo? Nina turubai jepesi limebaki kwenye kazi ya watu wa ngalawa, halipitishi maji. Nipe urefu wako kutoka shingoni.

Mzee wa Kikwajuni

Ninayo, imetoboka tumboni. Mimi mfupi, ishuke mpaka chini ya goti maji yasiingie. Kamba za nyuma ziwe ndefu, zile fupi mikono ikirowa hazifungiki. Na tuko wanne, mmoja wetu ni bwana mkubwa sana wa mwili, huyo njoo umpime mwenyewe baada ya Alasiri.