Mjadala: Mhadhiri anyimwe uprofesa kwa sababu hanukuliwi sana?

Mwanzisha mada
Wadau, salamu. Mwalimu wangu, mkemia aliyefundisha hapa Nairobi zaidi ya miaka 20, amenyimwa uprofesa. Aliambiwa fahirisi h yake ni ndogo. Kwa asiyeijua, ni hesabu aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Kamati ilitazama namba hiyo, ikafunga faili. Kwangu hiyo ni dhuluma, na anayeona vinginevyo anijibu.

Mzee anafanya kemia ya oganometali, yaani kampaundi ambazo kaboni imeshikana moja kwa moja na metali. Nyingi hazivumilii hewa wala unyevu. Nilipokuwa mwanafunzi wake, kabla ya kuanza lolote tulichemsha kiyeyusho pamoja na sodiamu na benzofenoni mpaka kigeuke bluu iliyokoza kama wino. Ukiiona bluu hiyo unajua maji na oksijeni vimeisha. Jioni moja stima ikapotea, pampu ikazima, hewa ikapenya. Bluu ikafifia tukiitazama, mpaka ikaisha. Kazi ya wiki 3 ikaenda na maji, na mtungi mwingine wa agoni, gesi ya kuzuia hewa isiingie, tuliungoja hadi muhula uliofuata. Sasa mtu huyo analinganishwaje na mwenye maabara ya watafiti 30 na gesi isiyokatika?

Tena kunukuliwa huchelewa. Mwaka 1968 Richard Heck alichapisha makala 7 mfululizo katika jarida moja, peke yake, kuhusu jinsi metali ya paladiamu inavyosaidia kuunganisha kaboni na kaboni. Miaka mingi ilipita kabla wakemia wengi hawajaichangamkia njia hiyo, ambayo leo hutumika kutengenezea dawa. Ruzuku zilimkaukia, akastaafu mwaka 1989. Alipopewa Nobel mwaka 2010 alikuwa akiishi Ufilipino.

Mhadhiri wa kike, Nairobi
Kaka, mpe mzee pole. Lakini usisahau tulikotoka. Mimi nimeambiwa "ngoja zamu yako" mara tatu, huku waliokuja nyuma yangu wakipanda kwa kuwa wana mtu wao ndani. Fahirisi haiulizi kabila langu wala natoka kwa nani. Mkiiondoa, tutarudi kwenye kamati inayonong'onezana mlango ukiwa umefungwa. Huyo Heck mwenyewe alichapisha, na watu wakafika. Mzee wetu amechapisha nini?

Mwanzisha mada
Dada, hilo la kujuana ni kweli tupu, na nimeliona kwa macho yangu. Mzee ana makala 19, nyingi juu ya feroseni, kampaundi yenye chuma ndani yake. Na feroseni yenyewe inatufunza jambo. Mwaka 1951 Kealy na Pauson walitangaza kampaundi hiyo ya rangi ya machungwa, lakini umbo walilolichora lilikuwa na kosa. Mwaka uliofuata Wilkinson na Woodward kule Marekani, na Fischer kule Ujerumani, walionyesha kwamba chuma kimekaa katikati ya pete mbili za kaboni. Nobel ya 1973 ikaenda kwa Fischer na Wilkinson. Makala ya kwanza bado inanukuliwa, na inastahili, kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango. Ila ukihesabu tu, hutajua kipi ndani yake kilikuwa sahihi. Kinyume chake, kila siku mtu fulani anatumia kitendanishi cha Grignard, kampaundi ya magnesiamu ya kuunganishia kaboni, bila kumnukuu Grignard aliyekibuni, kwa kuwa kimekuwa kama chumvi jikoni.

Mwanafunzi wa uzamili
Shikamooni walimu. Nani basi atazisoma hizo makala 19? Wanaoielewa oganometali hapa nchini ni wachache, na wote wanajuana.

Mwanzisha mada
Marahaba. Mwombaji achague makala 5. Wazisome wakemia watatu wa fani hiyo, angalau wawili kutoka nje ya nchi, na kila mmoja aandike kurasa mbili: nini ni kipya, nini kimethibitika, kilifanyika kwa vifaa gani. Ripoti apewe mwombaji mkononi, na akate rufaa akiona ameonewa. Namba iwekwe humo pia, dada, ili mwenye h kubwa anayenyimwa apate pa kuanzia kuuliza.

Mhadhiri wa kike, Nairobi
Ripoti ikitolewa kwa mwombaji, niko nawe. Ikibaki kabatini, sitaiachia namba yangu.