Sato wa Ghuba ya Mwanza: ini la dume na la jike hayasomi sawa

Kijana_wa_Ziwani:
Habarini wakuu. Niko kwenye utafiti wa shahada ya kwanza. Nachukua sato karibu na Mto Mirongo unapoingia ziwani, napima kimeng'enya cha CYP1A kwenye ini, kile kinachopanda samaki akikutana na mabaki ya mafuta na masizi. Madume wako juu kabisa. Majike wako chini, wengine karibu sawa na samaki niliowatoa sehemu safi. Nimeshauriwa nichanganye wote nitoe wastani mmoja. Au majike wana kinga?

FundiMaini:
Mdogo wangu, usichanganye. Nimepasua samaki maabara miaka mingi na hili linaniuma, kwa sababu wastani wa namna hiyo unaficha uchafuzi uliopo.

Jike akiandaa mayai, ovari humwaga estrojeni, homoni ya kike, kwenye damu. Ikifika kwenye ini, ini linaanza kutengeneza vitelojenini, protini inayojenga kiini cha yai, na lenyewe linanenepa. Estrojeni hiyohiyo inakandamiza CYP1A. Kwa hiyo jike anaweza kuwa amepata sumu sawa na dume, na kipimo chako kikanyamaza. Wala hajasalimika: sumu zinazokaa kwenye mafuta, kama dawa ya wadudu ya DDT, huingia kwenye mayai pamoja na mafuta hayo. Anawarithisha watoto.

Sato ana ugumu wake. Samaki wa nchi za baridi wengi wana msimu mmoja wa kutaga, lakini sato wetu anataga mara kadhaa kwa mwaka. Kwenye wavu mmoja utapata jike mwenye mayai tumboni, na mwingine anayeatamia mdomoni, hali chakula, ini limenywea. Tena usitegemee mdomo, maana akinaswa huyatema. Fungua tumbo, tazama ovari, ipime uzito, andika. Na ukipasua nyongo bahati mbaya, ini hilo weka kando, nyongo inaharibu vimeng'enya.

Dume naye ana jeni ya vitelojenini, ila kwa kawaida imelala. Ukiikuta inafanya kazi, uliza kuna nini majini. Uingereza, miaka ya 1990, samaki madume aina ya trauti waliowekwa kwenye vizimba chini ya mitambo ya maji taka walikutwa na protini hiyo ya mayai kwenye damu. Kanada, jimbo la Ontario, watafiti waliweka homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwenye Ziwa 260 kuanzia 2001 hadi 2003, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wa visamaki vidogo vya humo walianza kutengeneza vitelojenini, na baadaye visamaki hivyo karibu viishe ziwani.

Mfuga_Vizimba:
Mimi nina vizimba, sato wangu ni madume watupu. Kijana akitaka namgawia, aweke kizimba kidogo hapo mtoni apime.

FundiMaini:
Ubarikiwe kaka, ila uliza kwanza ulikonunua vifaranga. Kama walilishwa methiltestosteroni, homoni ya kiume, ili wawe madume, baadhi yao walizaliwa majike kijenetiki. Sitaki kijana ajenge hoja ya homoni juu ya samaki waliolelewa kwa homoni. Madume waliokuja bila dawa, sawa.

Kijana_wa_Ziwani:
Asante sana dada. Tatizo, maini nimeshagandisha na ovari sikupima. Jinsia niliandika kwa kuangalia matundu ya chini, mawili dume, matatu jike.

FundiMaini:
Kwa samaki wakubwa hiyo inatosha kutenganisha. Ripoti madume peke yao, wa Mirongo dhidi ya madume wa sehemu safi. Majike wape jedwali lao, na useme wazi kwamba hatua ya mayai haikurekodiwa. Kama kuna damu uliyogandisha, niandikie faragha nikuelekeze kupima vitelojenini, uanze na madume.