Picha ya Giza Kutoka Kraków

*Kikundi: Nyumbani kwa Bibi*

Neema: Shikamooni wakubwa. Leo nimeingia makumbusho hapa Kraków, Polandi. Oneni hii.

Neema: [picha]

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mbona imetoka giza? Futa kioo cha kamera.

Neema: Hahaha shangazi, simu haina kosa. Imechorwa hivyo hivyo. Ni ziwa la huko milima ya Tatra, linaitwa Czarny Staw, yaani Ziwa Jeusi.

Baba Mdogo: Limefanana na jina lake. Kachora nani?

Neema: Stanisław Witkiewicz, mwaka 1892. Hapo upepo unafagia theluji mlimani, wenyewe wanauita kurniawa. Ukisogea karibu unaona mabaka ya rangi tu. Rudi nyuma hatua tano, baridi inakuingia. Nimejikuta nafunga zipu ya koti humo humo ndani 😂

Elia: Hakuna mtu, hakuna mtumbwi. Mimi ningeweka hata mbuzi mmoja.

Baba Mdogo: Wewe ungeweka na jiko la nyama choma.

Neema: Elia wewe! Wakati ule Polandi haikuwepo kwenye ramani. Tangu 1795 Urusi, Prussia na Austria walikuwa wameshagawana nchi yote, na upande huo wa milima ulikuwa chini ya Austria. Kwa hiyo mlima ukichorwa, watu wanajua huu ni wetu. Hauhitaji mbuzi.

Shangazi: Aliuona uhuru?

Neema: Hapana. Alikufa 1915, nchi ikarudi 1918.

Elia: Miaka mitatu tu, jamani.

Baba Mdogo: Alikuwa mwenyeji wa huko mlimani?

Neema: Hapana, kwao ni Lithuania ya leo. Alikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1890 akahamia Zakopane, mji ulio chini ya milima hiyo, kufuata hewa.

Shangazi: Mama niko naye hapa, nimemsomea. Anauliza, mgonjwa wa kifua anapelekwaje kwenye baridi?

Neema: Shikamoo bibi. Dawa zilikuwa hazijapatikana. Madaktari walitegemea hewa ya mlimani, mapumziko na chakula.

Shangazi: Amenyamaza kidogo. Anasema basi ni kama Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu kule Kilimanjaro. Kaka yake alilazwa kule. Alipokwenda kumwona alimkuta amekaa barazani, kajifunika mablanketi mawili, na mlima uko pale juu unamtazama.

Baba Mdogo: Mjomba huyo mimi sikumkuta.

Shangazi: Alirudi mzima, akaoa. Haya, anataka picha tena, sasa amevaa miwani.

Neema: [picha]

Shangazi: Ameing'ang'ania simu, anaikuza kwa vidole. Anauliza, upepo wote huo, huyo mgonjwa alisimama wapi akachora?

Neema: Bibi 😳 hilo sikuliwaza. Jumamosi narudi kutazama.

Shangazi: Anasema uvae kofia.